Koma Tuliyembatiza

Kabla hujaanza kuguna, nikwambie mapema: mimi si mlevi, sikuwa nimelala, wala haukuwa usiku. Watu wakisimulia mambo haya hupenda giza, ati taa ilizimika, ati bundi alilia. Yangu mimi yalinifika mchana kweupe, jua la utosi, nimekaa kibarazani kwangu Mwakirunge nakanyaga cherehani. Jirani nilikuwa namsikia akitwanga. Malori ya taka yalikuwa yakipita na vumbi lake kuelekea jaani, kama kila siku. Haki ya Mungu, laiti ungekuwa usiku, leo ningejidanganya kwamba niliota.

Sasa keti vizuri unisikilize, maana mimi mwenyewe sitakaa sana. Utajua kwa nini.

Sisi ni Wagiriama, na ni watu wa kanisa. Ukisikia hayo mawili usidhani yanagombana. Kwetu yanalala nyumba moja, ila kila moja na mkeka wake. Jumapili tunaimba kwaya, na sare za kwaya nashona mimi, kwa cherehani hii hii iliyomsomesha mwanangu. Lakini nyuma ya nyumba, kule kwenye mikorosho, viko vigingi vya koma. Ni vijiti vya mti mgumu usioliwa na mchwa, vimesimikwa ardhini, kila kimoja kwa ajili ya mzee wetu mmoja aliyetangulia. Mzee akimjia mtu ndotoni akalalamika baridi, kigingi chake hufungwa kitambaa. Akilalamika kiu, humwagiwa tembo la mnazi kidogo kwa kifuu, akaambiwa maneno ya adabu, mambo yakaisha. Ndivyo tulivyoishi. Mchungaji alijua, akajifanya hajui.

Aliyetuharibia ni kaka yangu Kazungu. Nampenda, tumenyonya titi moja, lakini Kazungu akipata wazo halali mpaka awe amelitia kichwani mwa kila mtu. Alipofanywa mwinjilisti aibu ilimshika. Atahubirije kwa watu, na nyuma ya nyumba yao koma wananyweshwa pombe? Kuving'oa vile vigingi hakuthubutu. Mdomo wake mkubwa, lakini naye ni mtoto wa pale pale. Basi akaja siku moja na dawa yake.

"Tutawabatiza," akasema.

"Tumbatize nani?"

"Wazee. Wao walikufa kabla Neno halijafika huku, kosa si lao. Tutawapa majina ya Kikristo, tuwachoree msalaba, na badala ya mnazi tuwamwagie soda. Wao wataridhika na kanisa litaridhika."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Soda, jamani! Lakini nisikudanganye, wazo lile lilinipendeza. Nilikuwa nimechoka kuishi kwa kuchungulia, huku namficha mchungaji, huku nawaficha wazee. Na siku zile nilikuwa na mgeni mdogo nyumbani, nikataka nyumba iwe imetulia. Mwanangu Riziki, anayefua mashuka hotelini kule Shanzu, alikuwa amekuja kujifungulia kwangu. Alipata msichana, mjukuu wangu wa kwanza, mnene, mweusi wa kung'aa, akinyonya anakoroma kama mzee. Alikuwa hajapewa jina. Kwetu jina hutoka upande wa baba, na baba wa mtoto, kijana wa Magongo, alikuwa akingoja ruhusa kazini aje na mama yake wamtaje mtoto wao.

Basi ikapangwa Jumamosi, alasiri. Kazungu alikuja na kanzu yake nyeupe, kopo la chokaa na brashi. Wakaja wanakwaya wachache wa kutuimbia. Mimi nilitoa vitambaa, mabaki ya satini ya damu ya mzee niliyoshonea sare. Nilivikunja pindo vyote, kwa sababu siwezi kuona nguo ina ncha mbichi nikanyamaza, hata kama ni nguo ya kijiti. Cha mwisho uzi wa rangi yake ulinikatikia, nikamalizia kwa uzi wa kijani. Nikajiambia, nani atakayetazama pindo la kigingi?

Mtu mmoja tu alikuwa amenuna siku hiyo, shangazi yetu Kadzo. Ndiye pekee aliyebaki kati ya ndugu wa baba. Macho yake hayaoni vizuri, lakini mdomo mzima, na tumbaku haimtoki. Alikalia kigoda chake akinung'unika kwamba baba yake hajawahi kunywa sharubati, na leo atanyweshwa kwa nguvu kama mtoto mwenye minyoo.

Kazungu hakumjali. Akaenda kigingi kwa kigingi: babu akawa Yohana, bibi akawa Mariamu, nduguye babu akawa Petro. Kila mmoja aliwekewa maji juu, akachorwa msalaba wa chokaa, nami nikamfunga kitambaa chake. Soda ya machungwa ikamwagwa, wanakwaya wakaimba. Kusema kweli ilipendeza. Nilihisi kama tunawavika wazee wetu viatu tuwapeleke kanisani.

Kikabaki kimoja. Hiki kilikuwa kando, mbali na vingine, karibu na kinjia cha kutokea barabarani, nacho kimeinama kama mtu anayetaka kuondoka.

"Huyo mwacheni," shangazi akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Huyo si wetu."

"Kwa Bwana hakuna asiye wetu," Kazungu akajibu.

"Nimesema mwacheni, Kazungu."

"Alikuwa anaitwa nani, shangazi?"

"Hana jina."

Hapo mwinjilisti akakwama. Huwezi kumbatiza mtu bila jina. Akasimama na brashi yake inadondosha chokaa kwenye kanzu. Jua kali, soda inachemka chupani, wanakwaya wanatazamana. Na mimi mdomo wangu ni mwepesi, tangu zamani.

"Mwite Dorkasi," nikasema.

Kwa nini Dorkasi? Kwa sababu ni jina la mwanamke wa kushona nguo, yule wanayetusomea kila kanisa likitaka akina mama watoe sadaka. Nilimwona kama mwenzangu wa kazi, basi. Kazungu akafurahi. Akamwaga maji, akasema, "Dorkasi, nakubatiza," akachora msalaba. Nikamfunga kile kitambaa chenye pindo la kijani. Tukammwagia soda iliyobaki, tena yeye akapata nyingi kuliko wengine kwa kuwa alikuwa wa mwisho. Sisimizi wakaja mbio. Shangazi aliinuka, akashika fimbo yake, akaingia ndani. Tulidhani anasikitikia mnazi wake.

Jioni ile ile mtoto akaanza.

Hakuanza kulia, hapana. Alianza kutembea. Usinikatize, ndiyo, mtoto wa wiki chache, amelala chali kitandani, akawa anapiga miguu. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, polepole, bila kusita, jinsi anavyotembea mtu mwenye safari ndefu. Mtoto mchanga akirusha miguu huirusha ovyo. Huyu hakuirusha ovyo. Titi akipewa ananyonya kidogo halafu anageuza uso kuelekea mlangoni, na miguu inaendelea. Macho wazi, hasinzii. Tukampeleka zahanati, wakampima, wakasema mtoto hana homa wala hana kitu, mfunikeni vizuri. Hana kitu! Na kila siku mwili unampungua, mashavu yale manono yanaisha, mbavu zikaanza kuonekana. Riziki akawa hali, halali, anamzungusha uani usiku na mchana mpaka miguu yake yeye mwenyewe ikavimba.

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia Riziki. Kila nikimwogesha mtoto, nyayo zake zilikuwa na vumbi. Hebu fikiria. Mtoto ambaye hajawahi kuwekwa chini, anayetoka mikononi anaingia kwenye kanga, vumbi la nyayoni amelipata wapi? Nililiosha. Jioni lilikuwepo tena, jekundu, limeingia mpaka katikati ya vidole, na nyayo zenyewe zina moto kama za mtu aliyekanyaga lami.

Nilisali. Kazungu alikuja akasali, akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Shangazi kila nikimuuliza anageuza uso ukutani, anasema, "Niliwaambia nini?" Roho yangu haikutulia mahali. Nikishona naharibu, nikipika naunguza.

Sasa ile siku yenyewe.

Riziki alikuwa ameanguka usingizi chumbani, maskini, amelala kama amepigwa rungu. Shangazi alikuwa ndani naye. Mimi nilimchukua mtoto nikamlaza kwenye mkeka kando ya cherehani yangu, pale barazani, ili mama yake apumzike. Nakanyaga cherehani, namtazama, nakanyaga. Nikagundua kwamba miguu yangu kwenye kanyagio na miguu yake mkekani inakwenda pamoja, na moyo ukanipasuka. Nikaanza kulia huku nashona.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," nikaitika bila kuinua kichwa. Mshonaji akiwa katikati ya mshono haangalii pembeni.

"Nimekaribia. Naomba maji."

Nikafuta macho, nikainuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba. Umri wake sikuweza kuukisia. Usoni msichana, shingoni kikongwe. Miguu ilikuwa mitupu, na vumbi jekundu limempanda mpaka magotini. Kiunoni amejifunga leso kuukuu, na mabegani kajitanda kitambaa cha satini. Nikasema huyu ni mpita njia, labda anatoka kutafuta vibarua mashambani. Nikamvutia kiti.

"Sikai," akasema. "Nilikaa hapa mara moja."

Neno hilo sikulielewa, na sikulijali. Nikachota maji mtungini kwa kata, nikampa. Akachungulia ndani ya kata, akaonekana kama amevunjika moyo kidogo.

"Maji tu? Juzi mlinipa tamu."

Nikadhani alikuwa miongoni mwa waliokuja Jumamosi ile, maana soda nyingine walikunywa watu. Nikamwambia samahani, mama, ile imekwisha. Akanywa. Namtazama anakunywa, na niamini, koo lake halikutikisika hata mara moja. Maji yaliingia tu. Na pale aliposimama, saruji ya baraza ikaanza kulowa, kidogo kidogo, kuzunguka nyayo zake, lile vumbi likawa tope. Nikasema moyoni, kata yangu imepata tundu. Ndivyo akili ilivyo, ikikataa kuona hutafuta tundu kwenye kata.

"Sijakufahamu, mama," nikamwambia. "Waitwa nani?"

"Dorkasi."

Alilitamka polepole, kama mtu aliyevaa kiatu kipya anayejaribu kama kinambana. Na hapo ndipo macho yangu yalipoanguka kwenye kile kitambaa mabegani. Satini ya damu ya mzee. Pindo lake limekunjwa vizuri, kwa mkono ninaoujua kuliko uso wangu, na uzi wake ulikuwa wa kijani.

Mama weee! Niliwahi kusikia watu wakisema nywele zilisimama, nikidhani ni maneno ya kupamba. Zilisimama. Nilitaka kumwita Riziki, sauti ikakauka. Nilitaka kumwita Yesu, nikasahau sala zote isipokuwa ile ya kula. Niliogopa, bwana, niliogopa mpaka nikaona haya.

Yeye hakuwa na haraka. Alikuwa akihamisha uzito wake mguu huu, mguu ule, hatulii.

"Nimeitwa, nimekuja," akasema. "Siku zote hakuna aliyeniita. Asiyeitwa hana pa kwenda, hutembea tu. Sasa nina jina. Mwenye jina hukosaje somo? Somo yangu yuko wapi?"

Kama wewe si wa huku kwetu, nikueleze. Mtu wetu akifa, hutafutwa mtoto akaitwa kwa jina lake. Huyo ndiye somo yake, na ndiye anayemfanya marehemu atulie, kwa sababu jina limepata mwili wa kukaa. Koma asiye na somo hasumbui kwa ubaya, anasumbua kwa sababu hana nyumba. Nililijua hilo tangu utotoni. Nilipotaja lile jina na brashi inadondosha chokaa, sikulikumbuka hata kidogo.

Akamtazama mtoto mkekani. Na mtoto, wallahi kama wasemavyo jirani zangu Waislamu, miguu yake ikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Akamgeuzia macho yule mwanamke, akatabasamu kwa ufizi.

"Miguu yake inanijua," akasema.

"Huyu ana jina lake," nikamjibu, sijui sauti niliitoa wapi. "Jina lake linatoka Magongo."

"Halijafika. Mimi nimefika."

"Wamtakia nini mtoto mdogo hivi?"

"Nimechoka kutembea peke yangu."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa ukali ningepigana. Alisema jinsi anavyosema mtu aliyechoka kweli, na wallahi, nusu ya moyo wangu ikamhurumia. Akainama. Akanyoosha mkono kuelekea nyayo za mjukuu wangu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sikufikiri. Kwetu neno zito halisemwi kwa kinywa kikavu. Mtu hupiga funda la maji, akalitema, ndipo neno lake hushika. Nimewaona wazee wakifanya hivyo tangu nina akili. Nikaivutia kinywani ile kata ikiwa bado mkononi mwake, nikapiga funda la maji yaliyobaki, nikayatema juu ya miguu yangu mwenyewe.

"Dorkasi ni mimi!" nikasema. "Jina nililitaja mimi kwa kinywa hiki, na mimi ndiye niliyelivaa. Somo yako ni mimi. Kwa jina la Yesu na kwa koma wa babangu, mtoto muache!"

Watu huniuliza, mbona uliwataja wote wawili? Mfa maji haachi kutapatapa. Ningejua wa tatu ningemtaja.

Mkono wake ulisimama hewani. Akainua macho, akatazama miguu yangu iliyolowa, kwa muda mrefu, kama fundi anayepima kitambaa kama kitatosha.

"Wewe umezoea kukaa," akasema.

"Nitajifunza."

"Haya, somo."

Akanipa kata yangu mkononi kwa adabu, mikono miwili. Akashuka baraza, akazunguka pembe ya nyumba kuelekea kwenye mikorosho, taratibu, na hakuacha unyayo hata mmoja pale mchangani. Barazani ndipo palipobaki tope.

Mtoto alikuwa amelala. Amelala kweli, mdomo wazi, anakoroma ule mkoromo wake wa kizee. Nikazigeuza nyayo zake nikaziangalia. Safi, baridi, laini kama embe bivu. Nikambeba nikamkumbatia na kulia. Riziki akatoka chumbani amefadhaika kwa kilio changu.

"Mama, mtoto mbona hapigi miguu? Mama! Yuko hai?"

"Yuko hai. Amelala, mwanangu. Amelala."

Akaanguka magotini, akambusu mtoto kila mahali. Halafu akainua uso.

"Na wewe mbona wazunguka hivyo? Si ukae?"

Nilikuwa sijatambua. Nilikuwa nazunguka baraza, toka nguzo hii mpaka nguzo ile, na mtoto kifuani, na nyayo zangu zinawaka moto.

Tulikwenda nyuma ya nyumba pamoja. Kile kigingi kando ya kinjia kilikuwa kimenyooka wima. Kitambaa chake kimelowa, na pindo la kijani limejaa vumbi jekundu. Riziki, ambaye anasoma Neno kuliko mimi, akashika mdomo. "Mama, hivi Dorkasi si ndiye yule aliyekufa kisha akaamka?" Lo! Majina yote ya akina mama, na mimi nikachagua hilo.

Ndipo shangazi akakubali kufungua kinywa. Alisema alipokuwa msichana mdogo, mwanamke mmoja alipita hapa mchana wa jua kali. Hakujulikana atokako wala aendako, na lugha yake haikuwa ya mahali pamoja. Aliomba maji. Mamake shangazi akamwambia, keti kwanza upumzike, umechoka. Akaketi. Kabla kata haijafika alikuwa amekufa, pale pale ambapo leo ni baraza yangu. Babu alimzika kwa heshima, akamsimikia kigingi asije akadhani amedharauliwa. Lakini jina hakumpa, na alikataza asipewe.

"Babangu alimwacha bila jina makusudi," shangazi akasema. "Asiye na jina haitiki. Apite zake. Nyinyi mkamwita, tena kwa nyimbo."

"Sasa mbona hukutuambia siku ile, shangazi?"

"Nilisema mwacheni. Mkubwa akisema mwacheni, mpaka akutolee na sababu?"

Kazungu nilimtia mbio, usifanye mchezo. Nikamwambia nenda kamfute yule ubatizo wake. Alikwenda kwa mchungaji, akarudi kichwa chini. Ubatizo ni mmoja, akaambiwa, haufutiki. Nawe mwinjilisti ukome upuuzi huo. Tukaenda kwa wazee wa kwetu wanaojua mambo ya koma. Nao wakasema jina likishatemewa maji halirudishwi, na ukilikataa litarudi kwa yule wa mwanzo aliyetakwa. Kwa hiyo siku hiyo kanisa na koma walikubaliana neno moja, na neno lenyewe likawa juu ya kichwa changu. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu, mwanamke mzima mwenye mjukuu, nikabadilishwa jina. Wanakwaya walidhani nimeokoka upya, wakapiga vigelegele.

Mjukuu wangu hajambo, nashukuru. Jina lake lilifika kutoka Magongo, zuri, la bibi yake wa huko. Siku hizi anasoma chekechea, na mama yake hulalamika kwamba ni mvivu, hapendi kutembea, kila mahali ataka abebwe. Mimi nikisikia hivyo hucheka peke yangu. Mbebeni, nawaambia. Mbebeni mpaka achoke yeye.

Mimi ndiye sikai. Asubuhi nashona kwa haraka, maana jua likipanda utosini nyayo huanza kuwaka, na nikizibishia huvimba. Lazima niinuke. Nashika kinjia cha mikorosho, natoka barabarani, napita jaa, naelekea Nguu Tatu, siku nyingine hujikuta Bombolulu na sikumbuki nilivyofika. Wateja wamenikimbia wengi. Jioni narudi, naosha miguu, na maji hutoka mekundu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu. Njoo uubebe huu, halafu uniambie.

Na peke yangu sitembei. Simuoni, nisiseme uongo, tangu siku ile sijamuona. Lakini mlinzi mmoja wa godauni, kijana wa bara asiyejua habari zetu, aliniita juzi akanipa pole. "Shikamoo mama. Wewe unahema, mwenzako mbona hachoki?" Nikamwitikia marahaba, nikapita, sikugeuka nyuma.

Nyumbani tumekubaliana jina lile lisitajwe. Mara moja tu Riziki alijisahau, alikuwa amekasirika na chungu kinaungua, akaniita "Dorkasi!" kutoka jikoni. Kabla sijafungua kinywa, sauti ikaitika "Abee" nyuma ya nyumba, kwa adabu kabisa, na ikasikika miguu inakuja. Tulifunga mlango mchana kweupe, tukazunguka chumbani tumeshikana mpaka jua lilipopinda.

Basi ndugu yangu, wewe unayesikiliza huku unatabasamu, nikuombe moja tu. Nyuma ya kila nyumba ya zamani kuna kitu ambacho wazee walikiacha bila jina. Usijifanye una huruma kuwazidi, usikipe. Ukiwauliza wakakwambia "mwache," mwache. Na ukinikuta njiani jua la utosi, niamkie, nitakuitikia, mimi sina kiburi. Lakini niite Mama Riziki. Lile jingine usilitaje. Mwenzangu naye amelelewa vizuri, na akiitwa, huja.